Carey Francis: Mwalimu Mkuu Aliyerudi Darasani

Majina ya Jaramogi Oginga Odinga, Ronald Ngala, Julius Gikonyo Kiano na Ngũgĩ wa Thiong'o ni nadra kutajwa kwa pumzi moja. Wawili wa kwanza walikuwa mahasimu katika siasa za miaka iliyozunguka uhuru. Wa tatu alikuwa msomi wa uchumi aliyeingia serikalini. Wa nne alikuwa mwandishi aliyetiwa kizuizini na serikali hiyo hiyo mwishoni mwa mwaka 1977. Hata hivyo, wote wanne walipitia mikononi mwa mtu mmoja ujanani mwao. Walisimama mstarini mbele yake asubuhi, wakakaguliwa usafi, wakamwogopa. Baadaye kila mmoja alikwenda zake na fikra ambazo mtu huyo hakuzipanda, na pengine asingezikubali. Mtu mwenyewe alikuwa Edward Carey Francis, mwalimu mkuu wa Shule ya Maseno tangu mwaka 1928 hadi 1940, kisha wa Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, hadi mwaka 1962.

Alizaliwa London mnamo Septemba 1897. Kizazi chake kilitoka shuleni na kuingia moja kwa moja katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, naye alipigana akiwa afisa wa kikosi cha mizinga. Vita vilipokwisha alijiunga na Chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea hisabati, somo ambalo Cambridge ililipa hadhi kuliko karibu yote mengine, akafuzu katika daraja la juu kabisa. Punde si punde akapewa uanazuoni katika chuo cha Peterhouse, akawa mhadhiri wa hisabati, na juu ya hayo akakabidhiwa uhazini wa chuo. Kwa kijana ambaye alikuwa hajatimiza miaka thelathini, hayo yalikuwa maisha yaliyokwisha kunyooka: chumba cha kusomea, mshahara wa uhakika, na heshima ambayo ingeongezeka kila mwaka bila yeye kuongeza jasho.

Mwaka 1928 aliyaacha yote hayo. Alijiunga na Chama cha Wamishenari wa Kanisa la Anglikana, ambacho wengi hukijua kwa kifupi chake, CMS, akasafiri hadi Nyanza kwenda kuongoza shule iliyokuwa mbali na Cambridge kwa kila kipimo. Hakuoa wakati huo wala baadaye. Uamuzi wake umesimuliwa mara nyingi kama kisa cha kujitoa mhanga, na ndivyo unavyojitokeza katika wasifu uliotolewa na L. B. Greaves mwaka 1969. Ipo sura nyingine ambayo wasifu wa aina hiyo huipitia haraka. Mhadhiri wa Cambridge ni mmoja miongoni mwa wengi, ana wakubwa juu yake na wenziwe kando yake. Mwalimu mkuu wa shule ya misheni katika koloni ni kama mfalme mdogo. Kuyasema haya si kumvunjia heshima. Ni kueleza aina ya mamlaka aliyoikuta mezani pake alipofika.

Maseno ilikuwa imeanzishwa na CMS mwaka 1906, na haikuwa shule changa wala tulivu. Wanafunzi wake walikwisha kugoma tangu mwaka 1908, wakilalamikia kutumikishwa kazi za mikono ilhali walikuja kutafuta elimu. Mvutano huo kati ya jembe na kitabu ulikuwa ndio kiini cha siasa za elimu ya Mwafrika katika Kenya yote. Serikali na walowezi walipendelea Mwafrika afundishwe useremala, uashi na kilimo. Wazazi wa Nyanza, waliokuwa wakitoa karo kwa taabu, walitaka watoto wao wasome kile alichosoma Mzungu. Carey Francis aliegemea upande wa kitabu, ingawa hakuliondoa jembe. Aliamini kwamba akili ya mvulana wa Kijaluo au Kiluhya ingeweza kubeba hesabu ngumu sawa na ya mvulana wa Kiingereza, na kwamba kumpunguzia kiwango ni kumtukana. Leo jambo hilo halina mjadala. Katika Kenya ya mwaka 1928, mwalimu mkuu aliyelitamka na kulitekeleza darasani alikuwa anakwenda kinyume cha mkondo.

Alilitekeleza kwa njia ambayo ndiyo iliyokuwa siri ya uongozi wake wote: alifundisha mwenyewe. Wakuu wengi wa shule, wa zama zile na wa zama hizi, hupanda cheo wakaiacha chaki. Carey Francis alikuwa na vipindi vyake vya hisabati katika ratiba kama mwalimu yeyote, akasahihisha madaftari, akarudisha kazi kwa wakati. Alitunga pia vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za Afrika Mashariki, vikatumika kwa miaka mingi. Mwalimu aliyechelewa kuingia darasani au aliyelimbikiza madaftari asingeweza kujitetea kwamba mkuu hajui uzito wa kazi, kwa maana mkuu alikuwa ameubeba uzito huo huo tangu alfajiri. Vitabu vya usimamizi wa elimu vinavyosomwa katika vyuo vikuu vyetu vina istilahi nyingi za kuelezea jambo hili. Yeye hakuwa na istilahi. Alikuwa na kengele, saa ya mkononi na kipande cha chaki.

Ukali wake haukuwa wa siri. Bakora ilitumika. Usafi wa bweni ulikaguliwa, kucha zilikaguliwa, njia za shule zilifagiliwa na wanafunzi wenyewe. Mwenyewe alivaa kaptura kama wavulana wake na hakuona sababu ya mvulana kutamani suruali ndefu. Miongoni mwa wanafunzi wake wa Maseno alikuwamo Oginga Odinga, ambaye baadaye angekuwa mwalimu, kisha mpinzani wa takriban kila mamlaka iliyomjia juu. Kufikia mwaka 1938 Maseno ilikuwa imeanza masomo ya sekondari. Miaka miwili baadaye mkuu wake akaitwa kwingine.

Alliance ilikuwa imefunguliwa Kikuyu mnamo Machi 1926 kwa ushirikiano wa makanisa ya Kiprotestanti. Kwa miaka kumi na minne iliongozwa na Mskoti G. A. Grieve. Katika muda huo ilikwisha kujijengea jina: ndiyo shule ambayo mvulana Mwafrika aliyefaulu kutoka kila pembe ya nchi alitamani kuingia. Shule yenye jina ni ngumu kuibadilisha kuliko shule isiyo nalo. Walimu wana mazoea yao, wanafunzi wa madarasa ya juu wana haki zao ambazo hazikuandikwa popote, na kila mmoja anaweza kuuliza kuna ubovu gani hata pahitajiwe ukarabati.

Carey Francis aliuona ubovu, au aliona alichokiita ubovu, na hakupoteza muda. Aliingia mwaka 1940 na desturi za Maseno mkobani: ratiba iliyobana, ukaguzi wa kila siku, viranja waliotakiwa kuwajibika kwake na si kwa wenzao, kazi za mikono kwa kila mwanafunzi bila kujali kidato. Kijana aliyekuwa amejiona nusu msomi, aliyekaribia kwenda Makerere, akajikuta ameshika ufagio. Hapo patahitaji kutulia kidogo, kwa sababu ndipo udhaifu wake kama kiongozi wa mabadiliko unapoonekana waziwazi. Mageuzi yake yalikuwa na mantiki, na matokeo yake ya baadaye yaliyapa uzito. Lakini hayakutanguliwa na mashauriano. Hakuna aliyeulizwa. Msuguano na wanafunzi wa madarasa ya juu katika kipindi hicho cha mwanzo ulikuwa zao la namna hiyo ya kufanya mambo, na aliushinda kwa mamlaka, si kwa hoja. Wanafunzi waliokuja baadaye hawakujua kwamba palikuwa na desturi nyingine. Kwao hiyo ndiyo iliyokuwa Alliance. Wakuu wengi hutegemea jambo hilo hilo: kizazi kinachopinga kitahitimu na kuondoka. Tatizo ni kwamba walimu hawahitimu.

Na kwa upande wa walimu, kidonda kilikuwa kirefu zaidi ya ratiba. Alliance ilikuwa na walimu Waafrika hodari mno. James Gichuru alifundisha pale katika miaka ya 1930. Eliud Mathu, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo kabisa wa shule hiyo, alikwenda kusoma Fort Hare nchini Afrika Kusini, kisha Uingereza, akafika hadi Chuo cha Balliol huko Oxford, na aliporejea akasimama tena mbele ya darasa. Joseph Otiende, ambaye angekuwa Waziri wa Elimu katika serikali ya kwanza ya Kenya huru, naye alikuwa mwalimu wa Alliance. Hawa walikuwa watu wenye shahada na vipawa, lakini serikali ya kikoloni ilipanga mishahara kwa kufuata rangi. Mwalimu Mwafrika na mwalimu Mzungu waliofundisha kidato kimoja, kwa bidii moja, walirudi nyumbani na malipo yaliyotofautiana kama mbingu na ardhi.

Carey Francis hakuiunda sera hiyo. Isitoshe, yeye binafsi aliishi kwa kiasi, na fedha hazikumshughulisha. Pengine ndiyo sababu hakuielewa kero ya wenzake inavyostahili. Kwake ualimu ulikuwa wito, na mtu aliyeitwa hahesabu ujira. Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu asiye na mke, watoto, wala ukoo unaomtazama yeye kama mlango pekee wa karo na dawa. Mwafrika aliyedai mshahara wa haki alikuwa anadai kitu zaidi ya shilingi: alikuwa anadai kutambuliwa kwamba kazi yake ni kazi. Mwalimu mkuu aliyepima utendaji wa kila mwalimu kwa kipimo kimoja alipaswa kuwa wa kwanza kuona kwamba malipo nayo yana kipimo kimoja. Mathu aliondoka, na mnamo Oktoba 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Gichuru alikwisha kuondoka na akaongoza chama cha KAU. Otiende pia aliingia katika siasa za KAU. Chumba cha walimu cha Alliance kiligeuka kuwa kitalu cha wanasiasa, jambo ambalo mkuu wake, aliyechukia siasa shuleni, hakulikusudia hata kidogo.

Kuhusu matokeo ya mitihani, hakuna wa kubisha. Katika miaka ya 1940 na 1950 Alliance ilijulikana kote Afrika Mashariki kwa jinsi wanafunzi wake walivyofaulu katika mtihani wa Cambridge na kuingia Makerere. Chanzo kimoja kilikuwa uteuzi: shule iliyochagua wachache kutoka nchi nzima ilikuwa na mtaji mzuri tangu mwanzo, na ni vyema kulikumbuka hilo kila sifa zinapomwagwa. Lakini uteuzi peke yake hauelezi kila kitu. Carey Francis alimjua kila mvulana kwa jina. Aliwachanganya wavulana wa makabila mbalimbali katika mabweni, wakala pamoja, wakacheza pamoja, wakagombana pamoja. Ngala, kijana wa Kigiriama kutoka Pwani, alijifunza huko kuishi na Wakikuyu na Wajaluo kabla hajakutana nao katika siasa. Baadaye mwenyewe aliingia katika ualimu, akaongoza Shule ya Buxton huko Mombasa kabla ya kuingia bungeni. Mlolongo huo wa wakuu wa shule waliotoka kwa mkuu mmoja haujapewa uzito wa kutosha katika historia ya elimu yetu.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, Alliance ya miaka ya 1950 ina jambo lake la pekee. Kila mwaka shule iliigiza tamthilia ya Shakespeare, na desturi hiyo ndiyo iliyovuma. Iliyovuma kidogo ni kwamba katika shule hiyo hiyo, chini ya mkuu huyo huyo, wanafunzi waliandika na kuigiza tamthilia za Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini, Kimani Nyoike akaandika Maisha ni Nini, Gerishon Ngugi akaandika Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi, na B. M. Kurutu akaandika Atakiwa na Polisi. Mchango wao ni sehemu ya chimbuko la tamthilia iliyochapishwa ya Kiswahili nchini Kenya, kabla ya majina makubwa tunayoyasoma leo kuingia jukwaani. Ingekuwa kutia chumvi kumpa Carey Francis sifa ya tamthilia hizo. Yeye alikuwa mtu wa hisabati na wa Biblia. Hata hivyo, ratiba yake iliacha mwanya ambamo vijana waliweza kubuni kwa lugha yao, na si kila shule ya wakati ule ilikuwa na mwanya wa namna hiyo. Uongozi wakati mwingine hupimwa pia kwa yale ambayo kiongozi hakuyazuia.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na Alliance ilikuwa katikati ya moto: ardhi iliyoizunguka ilikuwa ya Wakikuyu, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa na ndugu msituni, kizuizini, au katika vikosi vya wale walioitwa watiifu. Wapo waliokuwa na ndugu katika pande zote kwa pamoja. Ngũgĩ alijiunga na shule mwaka 1955 huku kakake akiwa msituni; muhula wake wa kwanza ulipokwisha alirudi Limuru akakuta kijiji chao kimebomolewa. Mwalimu mkuu wa watoto kama hao alikuwa na mtihani ambao Cambridge haikuwahi kumtungia.

Msimamo wake haukuwaridhisha wengi. Aliipinga Mau Mau kwa nguvu zake zote na kuiona kuwa uovu. Hakuweza, au hakutaka, kuona kwamba nyuma ya kiapo palikuwa na ardhi iliyonyang'anywa. Katika hilo alikuwa mtoto wa dola yake. Lakini pia aliushutumu ukatili wa vikosi vya serikali dhidi ya raia, kwa maneno yasiyo na kificho, wakati ambapo Wazungu wengi wa Kenya waliona shutuma za aina hiyo kuwa ni usaliti. Mwaka 1955 hoja zake kuhusu matatizo ya Kenya, kama yalivyoonekana na mwalimu aliyeishi katika nchi ya Wakikuyu, zilichapishwa Uingereza. Na shule haikufungwa. Kengele iliendelea kulia, vipindi vikaendelea, mvulana aliyetoka katika kijiji kilichoteketezwa akakuta dawati lake pale pale. Mtu anaweza kuuliza iwapo utulivu huo ulikuwa wa huruma au wa kujifanya haoni. Kwa mvulana mwenyewe, huenda swali hilo lilikuwa la anasa. Alihitaji mahali ambapo askari hawaingii.

Ngũgĩ alilirudia swali hilo maisha yake yote, na alilijibu kwa njia mbili tofauti. Katika Petals of Blood, riwaya ya mwaka 1977, yumo mwalimu mkuu wa shule ya Siriana aitwaye Cambridge Fraudsham, mtu wa nidhamu za kijeshi anayezua mgomo kwa kuwachagulia wanafunzi hata mavazi yao. Wahakiki wengi wamemwona Carey Francis katika mhusika huyo, na jina la Cambridge halifichi mengi. Lakini katika kumbukumbu zake za mwaka 2012, In the House of the Interpreter, mzee Ngũgĩ alimchora mwalimu wake kwa mkono mwepesi zaidi. Hata anwani ya kitabu hicho inatokana na taswira ya John Bunyan ambayo Carey Francis aliipenda na kuifananisha na shule yake: nyumba ambamo msafiri huingia na vumbi lake na kutoka ameelekezwa njia. Mwandishi aliyekomaa hakufuta shutuma zake za awali. Aliziweka kando ya shukrani, akamwachia msomaji atazame zote mbili. Mwanahistoria Benjamin Kipkorir, aliyesoma Alliance na baadaye akaitafiti kwa shahada ya uzamifu huko Cambridge, naye aliitazama shule hiyo kwa jicho la mtu anayejua deni lake na bado anauliza maswali.

Kasoro moja ya uongozi wa Carey Francis haina utetezi mzuri. Aliongoza Alliance kwa miaka ishirini na miwili, akalea mamia ya vijana ambao wengine wao walikuja kuongoza wizara, mahakama na vyuo vikuu. Kidato cha tano na cha sita vilianzishwa katika siku zake za mwisho, mwaka 1961, nchi ikiwa karibu kujitawala. Lakini alipong'atuka mwaka 1962, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru, kiti chake kilikaliwa na Mzungu mwingine, L. J. Campbell. Walioandaliwa kuiongoza nchi hawakuwa wameandaliwa kuiongoza shule. Hakuwa peke yake katika kosa hilo, kwani wamishenari wengi walikawia vivyo hivyo kuachilia usukani, na uamuzi haukuwa wake pekee. Ila ni ajabu kwamba mtu aliyewaamini Waafrika katika hisabati mapema kuliko wengi alichelewa kiasi hicho kuwaamini katika utawala.

Wengi walitarajia arudi Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 65, umri wa kukaa kitako na kupokea barua za wanafunzi wa zamani. Badala yake alihamia Nairobi na kuomba kazi ya ualimu wa kawaida katika Shule ya Sekondari ya Pumwani, katika mitaa ya Mashariki mwa jiji, ambako vijana walitoka katika nyumba za chumba kimoja na hawakuteuliwa kutoka nchi nzima. Pale hakuwa mkuu. Alikuwa chini ya mkuu mwingine, akapewa ratiba iliyopangwa na mtu mwingine, akasikiliza kengele iliyopigwa kwa amri isiyo yake. Mtu aliyekuwa akiwapangia wengine kwa zaidi ya miaka thelathini alikubali kupangiwa. Wale waliomwona kuwa mpenda madaraka walipata jambo la kutafakari, na wale waliomtukuza pia, kwa maana huko hakukuwa na utukufu wowote wa kuchuma.

Wakati huo wanafunzi wake wa zamani walikuwa wakigombana juu ya mustakabali wa nchi. Mnamo Aprili 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama cha KPU, akaondoka katika serikali ambamo Kiano alikuwa waziri. Huko Pumwani, Carey Francis aliendelea kufundisha hisabati. Alifariki Julai mwaka huo, akiwa angali mwalimu wa shule hiyo.